Kilikufa au Alikufa? Kusoma Habari za Cassini Nikiwa Tunduma

Septemba 2017 niliandika kurasa mbili za kumlilia mtu ambaye hakuwa mtu. Chombo cha angani kiitwacho Cassini kilikuwa kimeingia kwenye hewa ya sayari ya Zohali na kuungua, na mimi, kwa hamasa za siku zile, nikaandika kwamba "alijitoa mhanga", kwamba "aliitazama Dunia kwa mara ya mwisho", kwamba "alikufa akiwa kazini kama askari". Nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la wapenda fasihi tulilokuwa nalo hapa Tunduma. Nilisifiwa sana. Kuna mtu aliandika kwamba ametokwa na machozi, na mimi nikaamini kuwa nimeandika kitu.

Mwaka huu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita. Alikuja nyumbani kanuna. Kwenye zoezi la sayari ameandika Zohali kuwa ndiyo sayari yenye pete, akawekewa mkasi, kwa sababu kitabu walichokuwa wanakitumia, kile kimechanika jalada, kinasema ni Sarateni. Nikaona hapa ndipo pa kujitapa. Nikamtolea zile kurasa zangu mbili ili aone kwamba mjomba wake alishaandika Zohali zamani, tena kwa fahari. Akasoma pale mlangoni, taratibu, kidole kikifuata mistari. Halafu akaniuliza: "Mjomba, hapa juu umeandika kilirushwa, huku chini umeandika alikufa. Sasa ni kitu au ni mtu?"

Sikuwa na jibu. Nimehakiki riwaya na diwani za watu, nimewasema waandishi wakubwa kwa kosa la msimulizi kubadilika katikati ya sura bila sababu, na kumbe mimi mwenyewe nilibadilisha ngeli katikati ya ukurasa na kundi zima likapiga makofi. Kwa hiyo leo sina kitabu kipya cha kuwaletea. Nahakiki maandishi yangu yale, na mengine ya aina yake ambayo huwa tunayasambaza kila kifaa cha angani kinapofanya jambo kubwa. Nadhani tunaandika vibaya, na ubaya wenyewe si wa kukosa maneno.

Tuanze na hilo swali la ngeli, maana mtoto aligusa penyewe. Kiswahili kina utaratibu wake: kifaru na kiboko vina ki- mbele, lakini tunasema kifaru anakunywa, kiboko amezama, kwa kuwa vina pumzi. Chombo hakina. Na si kwamba Kiswahili kinakataa vitu kufa. Simu imekufa, betri imekufa, gari limekufa pale Mlowo, tunasema kila siku na hakuna anayelia. Kwa hiyo kuandika "chombo kilikufa" si kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa ile a-. Wahakiki tunaiita tashihisi na tunaifundisha kama pambo, lakini pambo hili lina kazi yake: likimpa kitu nafsi, linawanyang'anya nafsi watu waliokuwa nyuma ya kitu. Nikishaandika "alijitoa mhanga", msomaji hana tena haja ya kuuliza nani aliamua, lini, na kwa nini.

Ukweli una watu wengi. Cassini kilirushwa tarehe 15 Oktoba 1997 kutoka Cape Canaveral, kikiwa mradi wa mashirika matatu: la Marekani, la Ulaya na la Italia. Hakikwenda moja kwa moja. Kilipita Zuhura mara mbili, kikarudi kupita Dunia, kikapita Mshtarii, kila mara kikiazima kasi kwenye mvuto wa sayari, kama mtu asiye na nauli anayedandia magari ya wenye safari zao. Kikafika Zohali tarehe 1 Julai 2004. Kilikaa miaka 13. Kufikia 2017 mafuta ya kukiongoza yalikuwa yanaisha, na wakubwa wa mradi walikuwa na hofu moja mahususi. Mwaka 2005 chombo kilikuwa kimegundua kwamba Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali, unarusha mvuke na chembe za barafu kutoka kwenye nyufa za kusini mwake, na baadaye ikajulikana kuwa chini ya barafu yake kuna bahari. Ikiwa Cassini kingeishiwa mafuta na kuzurura, siku moja kingeweza kuangukia Enceladus au Titan, na kama kuna vijidudu vya Dunia vilivyosalia ndani yake, vingekwenda kuchafua mahali ambapo pengine pana uhai wake. Basi wakakaa vikao, wakapiga mahesabu miaka kadhaa kabla, wakaamua kukitupa ndani ya sayari yenyewe.

Hicho ni kisa kizuri kuliko changu. Watu wanaogopa kuchafua mahali ambapo hawajawahi kufika, wanateketeza chombo chao kinachofanya kazi vizuri ili kukwepa jambo ambalo huenda lisingetokea. Mimi nilifuta yote hayo kwa herufi moja.

Kuna na suala la picha. Kwenye kundi letu maandishi yangu yalisindikizwa na picha ya chombo kikiwaka moto mbele ya Zohali, cheche zikiruka. Nimeirudia juzi. Ni mchoro. Hakuna kamera iliyokuwa pale. Hata kamera za Cassini zenyewe hazikupiga picha mwishoni, kwa kuwa picha ni mzigo mzito kuutuma kutoka kule, na dakika zile za mwisho walitaka vipimo vya hewa vipite kwanza. Picha za mwisho zilipigwa siku moja kabla. Kilichotokea tarehe 15 Septemba 2017, ambayo ilikuwa Ijumaa, ni kwamba chombo kiliingia kwenye hewa ya Zohali kwa kasi ya zaidi ya kilomita 110,000 kwa saa, vijiinjini vyake vidogo vikihangaika kuliweka dishi lake lielekee Dunia hadi vikafika mwisho wa nguvu zake. Kisha chombo kikapinduka. Dishi likaangalia kwingine na mawimbi ya redio yakakatika. Mawimbi hayo yalichukua kama dakika 83 kufika Duniani, kwa hiyo huku kwetu ilikuwa saa 8:55 mchana yalipokoma kupokelewa, wakati chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha zamani. Kwenye skrini ilikuwa ni alama ya mawimbi, mstari uliochongoka, ikashuka, ikapotea. Huo ndio moto wetu.

Sisemi michoro ipigwe marufuku. Inasaidia. Ila tungeichukulia kama tunavyochukulia picha ya jalada la riwaya: imechorwa na mtu, kwa ajili ya kutuuzia hisia fulani, na si sehemu ya matini. Hata zile picha halisi, zaidi ya 450,000, zilipigwa kwa kamera isiyoona rangi. Zinawekwa vichujio, moja kwa chekundu, moja kwa kijani, moja kwa bluu, halafu watu wanaziunganisha. Ile maarufu ya tarehe 19 Julai 2013, Zohali ikiwa imeliziba Jua na Dunia ikionekana kama nukta kwa mbali, imeunganishwa kwa picha 141. Watu waliambiwa mapema watoke nje wapunge mkono, na baadaye kukatangazwa kwamba sote tumo. Huku ilikuwa imeshapita saa sita usiku, tarehe 20. Mimi nilikuwa nimelala. Nimo kwenye ile picha vilevile ninavyokuwemo kwenye sensa.

Sasa nije kwenye kiini, maana ngeli na picha ni dalili tu. Ugonjwa ni kwamba tunaandika anga kwa maneno ya mbali. Neno lenyewe "pete" ni la mbali. Pete ni kitu kimoja, kigumu, cha fundi. Ukiwa mbali hivyo ndivyo inavyoonekana, na waliotangulia kuitazama waliteseka nayo. Galileo mwaka 1610, kwa darubini yake ndogo, hakuona pete kabisa. Aliona kama masikio mawili pembeni mwa sayari, na miaka miwili baadaye masikio yakatoweka akachanganyikiwa. Ni Christiaan Huygens, miaka ya 1650, aliyesema kuwa ni pete inayotuonesha ubavu wake kila baada ya miaka. James Clerk Maxwell mwaka 1859 akachapisha hesabu kuonesha kwamba pete ngumu isingedumu. Lazima iwe vipande visivyohesabika, kila kimoja kikizunguka kivyake. Yaani mtu aliipasua pete kwa kalamu akiwa mezani kwake, zaidi ya karne moja kabla ya chombo chochote kwenda. Pioneer 11 kilipita Zohali mwaka 1979, Voyager 1 mwaka 1980, Voyager 2 mwaka 1981, vyote vya kupita tu. Cassini ndicho cha kwanza kukaa.

Kwa mtu wa Tunduma hili halihitaji darubini. Panda kwenye mwinuko siku ambayo mpakani pamekwama, utazame foleni ya malori ikirudi nyuma hadi Mpemba. Kutoka juu ni mkanda mmoja, umenyooka, unang'aa jua likipiga mabodi. Shuka sasa utembee kandokando yake. Huyu ana shaba ya Kongo anasubiri kuingia, yule ana mafuta ya Zambia anasubiri kutoka, huyu amevunja springi, utingo wa yule analala chini ya trela. Wana mwendo wao, wanasogea mita kumi, wanasimama. Kuna pengo pale ambapo njia ya mtaa inakatiza, na pengo lile halijibuki lenyewe, kuna kitu kinachopita pale kila mara na kulifagia. Foleni ni jina la mbali. Hakuna kitu kinaitwa foleni ukiwa ndani yake.

Na pete za Zohali ndivyo zilivyo. Kutoka ukingo mmoja wa pete kuu hadi wa pili ni kama kilomita 270,000, lakini unene wake, sehemu nyingi, ni mita 10 hivi, kama ghorofa tatu. Karibu yote ni barafu ya maji, kuanzia vumbi hadi mabonge ya ukubwa wa nyumba. Kwenye pengo liitwalo Encke kuna kijimwezi Pan kinachofagia, kwenye pengo la Keeler kuna Daphnis, na Daphnis akipita (msamehe mjomba, kikipita) kingo za pengo zinainuka mawimbi. Agosti 2009 Jua lilipopiga pete ubavuni kabisa, vitu vilivyosimama vikatoa vivuli virefu, na kwenye ukingo wa pete ya B wakaona vilele vya hadi kilomita 2.5. Kwenye kitu tulichodhani ni bapa kama sahani!

Lakini jambo lililonishika, na ambalo zile kurasa zangu mbili hazikuligusa hata kwa sentensi, ni hili: pamoja na ukaribu wote huo, kamera za Cassini hazikuwahi kukitambua kimoja kimoja kipande cha kawaida cha pete. Ni vidogo mno. Tunajua kuhusu vipande hivyo kwa njia za kuzunguka. Ya kwanza, chombo kiliitazama nyota iliyo mbali nyuma ya pete. Nyota ikipita nyuma ya pete, mwanga wake unafifia pale palipo na vitu vingi, unang'aa pale penye mwanya, unafifia tena, na kwa kuusoma mwanga huo ukipepesa walipata ramani ya pete hadi vitu vya makumi ya mita. Ya pili, chombo kikajificha nyuma ya pete na kutuma redio kuelekea Dunia kupitia katikati yake, kwa mawimbi ya urefu wa aina tatu. Wimbi refu halisumbuliwi na changarawe, wimbi fupi linasumbuliwa. Ukilinganisha yaliyofika na yaliyopungua, unajua changarawe ni ngapi na mabonge ni mangapi. Hiyo, ndugu zangu, ni kusoma. Ni kile tunachofanya tunaposoma riwaya ambayo mhusika mkuu haongei: tunamjua kwa namna wengine wanavyobadilika akipita mbele yao.

Ya tatu ndiyo naipenda zaidi. Kuanzia Aprili 2017 walikitumbukiza chombo mara 22 kwenye mwanya wa kilomita kama 2,000 kati ya Zohali na pete yake ya ndani, mahali ambapo hakuna kitu chochote cha binadamu kilichowahi kupita. Mara ya kwanza, tarehe 26, walikigeuza dishi likae mbele kama ngao, dishi la upana wa mita 4. Maana yake hakikuweza kuongea na Dunia kwa saa nyingi. Waliokituma wakabaki kusubiri. Chombo kilikuwa na kifaa kinachosikia vumbi likigonga, na mgongano ukigeuzwa sauti unasikika kama mvua ya mawe kwenye bati. Walitarajia mvua hiyo. Rekodi ilipofika, karibu kimya. Mwanya ulikuwa mtupu kuliko hesabu zote.

Sasa kwa kuwa chombo kilikuwa kinapita kati ya sayari na pete, kikivutwa na Zohali huku na pete kule, wangeweza kutenganisha mvuto wa hizi na wa ile. Ukisimama kando ya barabara hapa, honi ya lori linalokuja na honi ya lilelile likishakupita si sauti moja. Redio ya Cassini nayo ilibadilika vivyo hivyo kulingana na mwendo wake, na kutokana na badiliko hilo walipima kasi ya chombo kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita kwa sekunde, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita bilioni moja. Wakaupima uzito wa pete. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: pete zote kuu ni kama asilimia 40 tu ya Mimas, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 400 hivi. Wepesi huo ndio ulioanzisha ugomvi ambao haujaisha, kwamba huenda pete ni changa, za miaka kati ya milioni 10 na 100, na kuna wataalamu wasiokubali hata leo.

Aliyeongoza kazi hiyo ya uzito, Luciano Iess, ni wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Nikasimama kidogo hapo, kwa sababu chuo hicho ndicho kilichoendesha mradi wa San Marco pale karibu na Malindi, Kenya, ambako roketi zilikuwa zikirushwa kutoka jukwaa lililo baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iliyorushwa pale ikapewa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya anga peke yake. Tunalitaja jina hilo kwa kujivuna, nami nimejivuna nalo. Lakini tazama: Kiswahili kilikwenda angani kama jina tu. Maelezo yote ya kilichoonekana yakaandikwa kwa lugha nyingine. Tumeridhika kubatiza.

Fasihi yetu nayo inachangia. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995, inamrusha Dzombo hadi sayari nyingine, na jina la sayari lenyewe linakwambia unakokwenda: wale ni sisi. Naipenda riwaya ile na sitaki kuipunguzia sifa. Lakini ndiyo desturi yetu: sayari kwetu ni kioo cha kujitazamia. Tunakwenda mbali ili tuisute serikali. Hakuna ubaya, ila sioni kwa nini iwe ndiyo njia pekee. Barafu ya Zohali haituhusu, na kutotuhusu kwake ndiko kunakonivuta. Nataka kuona Kiswahili kikikaa mbele ya kitu ambacho si sisi, na kikielezee hadi mwisho bila kukigeuza kuwa fumbo.

Msomaji ataniuliza: na hilo la foleni, si umeligeuza kuwa sisi? Nakiri. Ila foleni niliitumia kwa ajili ya kuingia, na nikaiacha nje. Kuna tashbiha za mlangoni na kuna za sebuleni.

Jumamosi moja nikampeleka mpwa wangu Ndolezi kwenye Kimondo cha Mbozi. Kwa wasiojua, ni bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, urefu wa kama mita tatu, linakadiriwa kuwa na tani 16, asilimia 90 hivi chuma na nyingine nyingi nikeli. Wenyeji walilijua, mabingwa wa nje wakaliandika mwaka 1930. Lilikuwa limezama ardhini. Wakachimba handaki kulizunguka na kuliacha juu ya kiguzo cha udongo, baadaye wakakijengea kwa zege. Pembeni kuna alama za msumeno mahali walipokata kipande. Mtoto aliweka kiganja. Akasema la baridi. Akazungusha mkono hadi kwenye alama za msumeno, akauliza waliokata walitumia muda gani, kisha akauliza kama Cassini kiliigusa pete namna hii.

Nikamwambia hapana, kingeigusa kingevunjika. Akafikiri. "Sasa walijuaje ni barafu?"

Swali hilo ndilo lingekuwa mwanzo wa maandishi yangu ya 2017 kama ningekuwa mwandishi bora. Nilimjibu palepale tukiwa tumekaa kwenye nyasi, kwamba mwanga wa Jua ukigonga barafu ya maji unarudi umepungua rangi fulani ambazo macho yetu hayazioni, na chombo kilikuwa na kifaa cha kuona kilichopungua. Lakini niliongea kwa kujikwaa. Ndipo nikaamua kuandika upya, kwa ajili yake, kwa ki- kuanzia mwanzo hadi mwisho, na a- na wa- nikiwaachia wenye pumzi.

Kazi imekuwa ngumu mahali nisipotarajia na rahisi nilipoogopa. Ile habari ya nyota kufifia nyuma ya pete nilidhani nitakosa neno, kumbe tunalo tangu enzi: kupatwa. Jua hupatwa, Mwezi hupatwa, basi na nyota inapatwa na pete. Niliandika hivyo na mtoto hakuuliza maana. Majina ya sayari ndiyo vurugu. Nimemweleza kwamba Zohali ni jina la sayari hiyo tangu kwa Waarabu na mabaharia wetu, na kwamba Sarateni asili yake ni neno la Kiarabu la kaa, jina la burji, kundi la nyota. Ndilo hilohilo lililotupa saratani, ugonjwa. Mtu mmoja alichanganya nyota na sayari, wengine wakanakili. Akaniuliza kama aandike Zohali kwenye mtihani. Nikamwambia kwenye mtihani aandike wanachotaka. Sijivunii jibu hilo, na dada yangu ameshanisema.

Pamebaki sehemu moja. Ndani ya pete ya A kuna vijimwezi vidogo ambavyo havina nguvu ya kufagia pengo kamili kama Pan. Vinavuruga tu barafu iliyo jirani, na vurugu hiyo inatokea upande wa mbele na wa nyuma, kama mabapa mawili marefu yenye kitu kisichoonekana katikati. Wanasayansi waliviona hivyo, vivuli vya vitu visivyoonekana, wakavifuatilia kwa miaka, na vikubwa vyake wakavipa majina ya marubani wa zamani: Blériot, Earhart, Santos-Dumont. Umbo lenyewe wameliita kwa jina la kile kinachozunguka kwenye pua ya ndege. Kamusi inanipa rafadha. Nimemsomea mtoto, akakunja uso. Nikamchorea. Akasema, "Aa, pangaboi."

Nimeandika pangaboi kwa sasa. Mwenye neno linaloshinda hilo aniandikie kabla sijafika ukurasa wa tano.